Mwaka Sori Ilipoingia Nengo

Tulipomzika Mama Josiane mwezi uliopita, nilisimama karibu na mstari wa wafiwa nikifanya kazi ninayoifanya popote nilipo, yaani kuhesabu. Nilihesabu viti vya kukodi, nikakuta viwili vimevunjika mguu, nikamwambia mwenye navyo asithubutu kuvitoza kodi. Nikahesabu masufuria. Kisha, kwa kukosa kingine, nikaanza kuhesabu sori. Vijana wa mjini walipita mbele ya Josiane mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili kama walivyofunzwa na mama zao, halafu wakafungua mdomo na kutoa neno ambalo mama zao hawakuwafunza. Sori. Sori sana, tantine. Sori kwa mama. Nilipomaliza nikarudia upya, maana hesabu ya kwanza huwa siiamini hata nikiifanya mimi mwenyewe, na katikati ya hiyo ya pili Josiane akanitazama juu ya bega la mtu fulani, akanipandishia nyusi moja. Nikaacha kuhesabu. Siku hizi anauza vitenge ng'ambo, Goma, nywele zimeingia mvi kama zangu, na katika uwanja mzima ni sisi wawili tu tuliojua kwa nini neno lile halishuki kooni pale nyumbani kwa mama yake.

Sina ugomvi na Kiingereza. Kimenilisha. Nimeuza karoti kwa Waganda, kwa wazungu wa mashirika, kwa dereva mmoja Mkenya aliyekuwa mbishi kuliko mimi. Ugomvi wangu ni na neno hilo moja. Kabla halijafika kwetu, kila shida ilikuwa na neno lake na hukuweza kulipachika pengine. Mtu akijikwaa ulimwambia pole. Ukimkanyaga wewe mwenyewe ulisema pardon, na jambo likiwa kubwa ulisema mbabarira, ambalo kwa Kinyarwanda ni neno zito, kwa sababu unaomba kitu na mwenye nacho anaweza kukunyima. Mfiwa ulimwambia wihangane, ajikaze. Ukitaka kupita katikati ya watu hukusema kitu, ulitumia kiwiko. Basi sori ikaja ikawafukuza kazi wote hao. Karani wa ofisini akitaka uondoke anasema sori. Asiyekusikia anasema sori. Aliyekusikia na hataki kukusaidia anasema sori, tena kwa tabasamu. Mpaka leo msichana wa dukani akiniambia sori, mimi hushika mkoba wangu vizuri.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa kuvuka mpaka kila asubuhi, viazi na karoti za Bugeshi zinaenda, sabuni na mafuta vinarudi, na nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma kwa Mama Josiane, mtaa wa Nengo, karibu na mpaka wa Kongo. Chumba changu na sebule yake vilitenganishwa na ukuta ambao haukufika juu. Fundi aliishiwa matofali, au mama aliishiwa uvumilivu na fundi, kila mtu alikuwa na hadithi yake. Kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kiliangukia kitandani kwangu bila mimi kukitafuta. Ndio mwaka ofisi zilipoanza kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mjomba tuliyemwita Tonton Célestin, kaka yake Mama Josiane, karani wa miaka mingi aliyerudi kutoka Kongo na Kifaransa chake kilichopigwa pasi, akawa anakuja jioni kula isambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga na ugali wa muhogo huku akilalamika. Alikuwa amejiandikisha kujifunza. Alianza na maneno mafupi, akasema ni rahisi kubeba.

"Hii neno sori iko na kazi mingi," alimwambia dada yake jioni moja. Nilisikia mifupa ya samaki ikivunjika menoni mwake. "Mutu anakuangusha, anakuambia sori. Mutu anaanguka yeye peke yake, unamuambia sori. Mutu anakufa, sori. Basi inachelewa, sori."

"Yewe!" Mama Josiane akacheka. "Sasa mwenye alikuangusha na mwenye alikuona tu unaanguka, wote wanasema ile moja. Utajua aje nani alikuangusha?"

"Bon, hautajua. Ndiyo uzuri yake."

Nilicheka na mimi, peke yangu, juu ya godoro. Ni kati ya vicheko ambavyo ningevirudisha leo kama ingewezekana kurudisha.

Josiane alikuja mchana, jua likiwa kali, na begi dogo lisilotosha mtu anayekuja kutembea wala anayekuja kukaa. Mimi na mama yake tulikuwa uani tunamenya viazi. Alivuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na vidole vitatu vimefungwa pamoja kwa kitambaa. Alikuwa ameolewa na Godfrey, kijana aliyekulia Kampala, aliyekuwa akishughulikia karatasi za malori pale mpakani. Mama yake alimwita Godefroid, kwa Kifaransa, kana kwamba akimwita hivyo atakuwa mtu wa kwetu zaidi. Alikuwa kijana wa shati safi, simu mbili na salamu nyingi. Ukimpa bei hakuipunguza, jambo ambalo mimi sikulipenda tangu mwanzo. Mtu asiyepunguza bei hajali kitu anachokinunua.

"Ni mlango," Josiane alisema kabla hajaulizwa.

"Wa gari ao wa nyumba?" nikauliza.

"Wa chumba. Nilikuwa nimeshika hapa, namuambia asiende. Akaangalia vidole vyangu. Akaviangalia kwanza, Devota, unasikia? Kisha akafunga."

Mama yake aliendelea kumenya. Alitoa ganda moja refu, refu sana, bila kulikata, na lilipoanguka akasema tu, "Ayii, mwanangu." Jioni ile simu ya Josiane ililia mara nyingi na kila mara alinionyesha kioo chake. Sori. Sori babe. Sori ya maua. Sori ya uso unaolia. Kulikuwa na sori aliyoituma Godfrey saa ya chakula na nyingine pale ambapo, kwa makadirio yangu, alikuwa ameshashiba.

Kwetu mke akirudi kwao kwa namna hiyo tunasema amekwahukana, na mume hawezi kumpigia honi nje ya geti na kumchukua. Anakuja na watu wake na vinywaji. Anaulizwa amefanya nini. Anatajiwa icyiru, yaani kile atakachotoa kuosha kosa, na watu wa mke wanaweza kudai kidogo au kingi, au kitu cha ajabu wakitaka. Wakikubali, wanakunywa. Wakishakunywa, kesi imekwisha na hakuna wa kuifufua, hata Mungu akileta ushahidi mpya. Godfrey alituma ujumbe kwamba anakuja Jumapili.

Jumamosi Josiane akaja chumbani kwangu, akakaa juu ya gunia la karoti. "Wewe unafanya biashara," akasema kwa sauti ya chini, maana ukuta ule ulifanya kazi pande zote mbili. "Muteja akikuja, na we hautaki kumuuzia, unamuambia nini?"

"Simuambii sitaki. Nikimuambia sitaki atanitukana mpaka mama yangu. Namutajia bei yenye hana."

"Godfrey iko na kila kitu. Akiambiwa krati kumi za bia ataleta ishirini. Akiambiwa ng'ombe ataleta na ndama."

"Donc usimuombe kitu ya kununua. Fikiri. Nini hana?"

Alikitazama kile kitambaa cha vidoleni. "Kuna maneno hawezi kusema," akasema hatimaye. "Asimame mbele ya watu wake aseme: niliviona vidole vyake nikafunga mlango. Kwa Kinyarwanda, mama asikie vizuri. Hawezi, Devota. Atakufa kwanza."

"Basi umepata bei."

Tulicheka, nakumbuka, na yeye akachukua karoti kutoka kwenye gunia akaila mbichi, nami sikumdai. Aliwaambia mama yake na Tonton usiku uleule. Niliwasikia wakiguna. Mama alisema maneno mengi kuhusu majirani, Tonton akasema ni icyiru ya kisasa, hajawahi kuisikia, lakini mtoto ana haki ya kutaja. "Akisema ile, narudi," Josiane aliwaambia. "Asiposema, sirudi. Mumenisikia?" Walisema wamesikia. Hilo pia lilinifikia kitandani, na lilinifikia wazi.

Jumapili sebule ilijaa. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimefuliwa na kutandazwa juu ya kila kiti, Tonton alivaa koti lake la ofisini, na mimi nilikaa karibu na mlango wa uani, kwenye nafasi ya mtu ambaye si wa ukoo lakini viazi vilivyopikwa ni vyake. Godfrey alikuja na krati za bia na Fanta zilizopangwa mpaka kwenye ngazi, na mzee mmoja wa kofia kutoka Cyanzarwe ambaye kazi yake ni kusema kwenye posa na harusi za watu. Alisema vizuri, siwezi kumnyima. Alisema wametafuta mbuzi wao aliyekata kamba, wamemtafuta kwa jirani, wamemtafuta ziwani, na sasa wanasikia harufu yake katika nyumba hii nzuri. Watu walicheka. Josiane, mbuzi mwenyewe, alikuwa amekaa pembeni ya mama yake na mkono wake juu ya paja, kitambaa kikionekana.

"Bon," Tonton akasema. "Mbuzi iko. Vinywaji tumeviona, tunashukuru. Lakini mutoto yetu ametaja icyiru yake." Akakohoa. Akaitaja. Kwa haki yake niseme aliitaja yote, mlango, vidole, na Kinyarwanda.

Mzee wa kofia aliivua kofia akaitazama ndani. Godfrey aliweka simu zake zote mbili mezani, akasimama, akaweka kiganja kifuani. Nami nikasema moyoni, hana, huyu hana, atatafuta mlango.

"Mama," akasema, "sori." Akageuka. "Tonton, sori sana. Josiane, babe, sori. Niko sori kwa yote yaliyotokea." Machozi yakamjaa machoni, na nadhani yalikuwa ya kweli. Nimeona watu wakilia kweli kwa sababu wamekamatwa.

Mzee wa kofia akapiga makofi haraka, kama mtu anayefunika sufuria inayotaka kumwagika. Na Tonton Célestin, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amejifunza jioni baada ya jioni bila kupata hata mtu mmoja wa kumjibu kwa lugha ile, akasimama kwa furaha, akanyoosha koti lake na kusema, "Tenkyu! Tumekubali."

"Tonton, hajasema," nikasema.

"Amesema. Umesikia wewe mwenyewe. Tena kwa lugha ya ofisi."

"Amesema sori. Hajasema mulango. Hajasema vidole."

Godfrey akanigeukia kwa upole wote wa dunia. "Sori, wewe ni nani?"

Nilimtazama Mama Josiane anijibie. Alikuwa mwanamke niliyekula naye chungu kimoja tangu Januari. "Ni mpangaji," akasema, na macho yake yakaenda kwenye krati, akazihesabu. Najua mtu anayehesabu, midomo yake husogea kidogo. Kisha akachukua chupa, akaifungua kwa kizibo cha chupa nyingine, akainywa. Josiane hakumtazama mumewe, wala Tonton, wala mimi. Alilitazama koo la mama yake wakati bia inashuka. Ilipokwisha kushuka alinyanyuka, akaenda kuchukua lile begi dogo mwenyewe, na waliobaki wakapiga vigelegele.

Watu wa umri wangu wanapenda kusema kwamba ujana ulikuwa ujinga na sasa wameelewa. Mimi nimerudia hesabu ile miaka mingi, tena mara mbili kila mwaka, na jibu haligeuki: bei ilikuwa sahihi. Bidhaa iliuzwa na watu ambao haikuwa yao, kwa pesa ambayo ilitajwa wazi kwamba haipokelewi, na kila aliyekuwa na haki ya kusema hapana alikuwa na kiu. Mama yake sikumchukia. Alikuwa mjane, nyumba ilikuwa na ukuta usiofika juu, na mkwe mwenye kazi mpakani alikuwa paa la pili. Lakini nilijifunza siku ile kwamba mtu akikuomba msamaha bila kutaja kosa, hajakupa kitu. Amekuachia wewe mzigo wa kulitaja. Leo nikidhulumiwa sokoni namwambia mtu: usiniambie sori, niambie ulichofanya. Wengi huondoka. Wachache hutaja, na hao hata sidai tena.

Josiane alirudi mvua zilipokuwa zimeshika, mchana, barabara ya Nengo ikitiririka maji mekundu. Nilikuwa nimelala na homa kwa hiyo sikuvuka siku ile. Nilisikia geti likigongwa, nikasikia kandambili za mama zikienda, kisha geti halikufunguka. Nikatoka. Mama Josiane alikuwa amesimama na uso wake kwenye mwanya wa mabati, na upande wa pili, kupitia mwanya uleule, niliona kipande cha kitenge kilicholowa na jicho moja. Safari hii hakukuwa na begi hata dogo.

"Fungua, mama."

"Amefanya nini tena?"

"Fungua kwanza."

"Sori, mwanangu." Alilisema polepole, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua. Sikuwahi kumsikia akisema neno lile kabla ya hapo. "Sori. Tulishakunywa."

"Sori ya nini, mama? Ya mvua? Ya yeye? Ao ya wewe?"

Mama alishika bati kwa mkono mmoja, wala hakulisukuma wala hakulivuta, maji ya paa yakimwangukia mgongoni, na nikaona kwamba kama si mtu mwingine kuamua tungesimama hivyo sote watatu mpaka mvua ichoke. Kila mpangaji wa Mama Josiane alipewa ufunguo wa geti, hilo lilikuwa kwenye makubaliano na nililipigania siku ya kwanza. Nikaurudia chumbani, nikaja, nikapitisha mkono mbele ya tumbo lake bila kusema samahani kwa lugha yoyote, nikafungua.

"Ni mugeni wangu," nikamwambia. "Mupangaji anaruhusiwa mugeni."

Alinitazama. Nilijua chumba kile nimeshakipoteza, na nilijua naye anajua. Akasogea. Josiane akapita katikati yetu, akaingia katika uwanja alipojifunza kutembea, na mbele ya mlango wangu akavua viatu, akaomba maji ya kunawa miguu.

Nilimpa kanga yangu kavu, akakaa kitandani, nami kwenye gunia. Hatukusema mengi, ukuta ulikuwa palepale. Sebuleni tulisikia kabati likifunguliwa, sahani zikitolewa, maharage yakipashwa moto. Baadaye mlango wangu ukabishwa hodi. Mama Josiane hakuwahi kubisha hodi mlangoni kwangu, alizoea kuita jina langu tangu uani. Aliingia na sinia: sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma, uma ambao sikuwahi kuuona ukitumika katika nyumba ile, na Fanta moja yenye kizibo chake. Aliweka sinia juu ya krati yangu ya sabuni. Akaichukua ile chupa, akainyanyua ili Josiane aone bado imefungwa, akaifungua mbele yake kama inavyofanywa kwa watu wasiojulikana, ili wanywe bila wasiwasi. Soda ikamwagika kidogo.

"Karibu, mugeni," akasema.

Josiane akaipokea kwa mikono miwili. "Murakoze," akamshukuru mama yake, kwa ile heshima ya wageni ambayo humpi mtu aliyekuzaa, na akangoja mpaka atoke ndipo aanze kula.